Kofia ya Sufu mu Jua ya Oktobre

Cité Kenya, Élisabethville, 5 Oktobre 1953

Kwa mudogo yangu Liévin Numbi, ku Kamina,

Miye yaya yako Wivine, mukubwa yako wa tumbo moja, niko muzima, paka tu miguu njo inaniuma. Samaki inauzika. Stanislas njo ananiandikia hii barua, ule mwenye meza chini ya bati ku soko. Asubuhi iko planton, mutumishi wa kupeleka makaratasi, ku biro ya bazungu, mangaribi anaandikia siye bantu ya pasipo masomo. Anatafuta karte ya mérite, ile bazungu wanapea muntu mweusi mwenye kuishi kama bo, basi anavaa kravati hata mu jua kali. Nilimwambia: andika vile nasema, usipambe. Ananiangalia vibaya. Andika na ile.

Mudogo yangu, ulienda Kamina mu mwezi ya tano, ukaacha bibi yako Albertine na batoto batatu: Constance, André na Chomba. Batatu. Miye nilibabeba bote mu mugongo, najua hesabu yabo.

Jana, siku ya Mungu, nilitoka Misa ya kwanza, nikaona bibi yako anapita na kapu mu kichwa, batoto mbele. Nikamuita: «Mulamu yangu, munaenda wapi?» Akasema: «Natembeza batoto ku Karavia, baone maji.» Bon. Karavia iko upande ya jua kuzama. Bibi yako alishika njia ya Naviundu, upande ya jua kutoka. Tangu lini maji ya Karavia ilihama?

Na haiko mara ya kwanza. Kila siku ya Mungu ni ile njia, ile kapu. Sasa sikia. Saa kumi nilikuwa kwa rafiki yangu Virginie, nyumba yake inaangalia njia ya Naviundu. Nikaona banarudi, bangali mbali. Nikahesabu: batoto bane. Wa ine alivaa kofia ya sufu, inafunika mpaka masikio. Mu Oktobre, mudogo yangu! Jua inakaanga mpaka majani, na muntu anavalisha mutoto sufu! Nikafuta macho, nikahesabu tena: bane. Bakafika karibu: batatu. Wa ine alimezwa na nani?

Miye sisemi kitu. Nasema paka: hesabu batoto yako.

Yaya yako Wivine

Nota: Mimi mwandishi, Stanislas, nimeandika kwa uaminifu yote niliyoambiwa, na ninakutolea salamu zangu za heshima. Kravati yangu haihusiki na jambo hili.


Kamina, 10 Oktobre 1953

Mama Constance,

Salamu kwako na kwa batoto. Miye niko muzima. Kazi ya reli ni mingi, chef anatusukuma kama vagon, na sitapata congé ya kupumzika mbele ya siku kuu ya Noël.

Nauliza kitu moja, na nauliza bila ubaya. Siku ya Mungu munafanyaka nini? Munapita njia gani? Mu kapu munabeba nini, na munakula na nani? Muntu akikaa mbali anapenda kuona batoto yake mu mawazo, wanatembea wapi, wanacheza na nani. Unijibu kila neno, usiruke.

Umwambie Constance naye aniandikie ukurasa moja. Namulipia masomo kwa mabasoeur, bale masista ya misioni, ili niione ile mwandiko yake.

Bwana yako,
Liévin


Camp ya reli, Élisabethville, 16 Oktobre 1953

Baba Constance,

Barua yako ilifika, aksanti sana. Siye bote wazima. Chomba alitoka jino. André alipasua suruali ya Misa pa magoti, nikaishona na uzi ya rangi ingine, sasa anakataa kuivaa.

Siku ya Mungu tunatembeaka, ni kweli. Batoto wakikaa camp siku yote wanapigana na batoto ya jirani, kisha mama zabo wanakuya kwangu na kelele. Basi nawatoa. Tunaendaka Karavia, tunaonaka maji na bazungu mu mitumbu yabo midogo. Siye tunakaa ngambo yetu, chini ya miti. Mu kapu nabebaka mihogo, karanga na chai mu chupa. Tunakula siye kwa siye. Hakuna ingine.

Naona mu maneno yako kama kuna muntu anakuandikia. Macho ya ku njia ni mingi, Baba Constance, na kila jicho iko na kinywa yake. Usiache bakuchokoze roho.

Ukurasa ya Constance njo hii.

Bibi yako,
Albertine

Baba mupenzi, miye niko wa pili mu klasi. Ku maji niliona samaki. Ilikuwa kubwa. Ilikuwa na mustashi pa kinywa kama muzee. Mama alisema niandike juu ya samaki tu, basi nimemaliza. Baba, ku Kamina kuko batoto wenye wanabaki mu nyumba siku yote, habatoke hata inje? Ni kuuliza tu. Mutoto yako, Constance.


Kamina, 21 Oktobre 1953

Kwa yaya Wivine, Cité Kenya,

Barua yako ilinikata usingizi. Niliuliza bibi yangu, akanijibu Karavia. Niliuliza mutoto, akanijibu samaki. Mutoto ya miaka kumi anaandika «mama alisema niandike juu ya samaki tu»! Yaya, pale penye muntu anafundishwa cha kusema, kuko kitu ya kuficha.

Nakuomba: siku ya Mungu yenye kuya, funga meza yako ya samaki, uwafwate. Usiseme naye, usipigane. Uone tu kwa macho, ule mutoto wa ine ni wa nani, anatoka nyumba gani. Unajua miye siwezi kwenda Naviundu, kule njo kwa mama-mukwe, na muanaume hawezi kukutana na mama ya bibi yake njiani na kumuuliza mambo. Tangu tulioana sijakanyaga kiwanja yake. Weye tu unaweza.

Salamu kwa Stanislas, aksanti kwa mwandiko yake nzuri.

Mudogo yako, Liévin


Cité Kenya, 26 Oktobre 1953

Mudogo yangu Liévin,

Nilienda. Mbele ya yote ujue kama kisigino yangu iko na malengelenge sababu ya ndoa yako.

Bibi yako alitoka na batatu. Ku Naviundu akaingia nyuma ya shamba ya mihogo, akatoka na bane. Bakashuka ku muto, pale penye mawe makubwa. Miye nikajificha nyuma ya kichuguu, mwanamuke muzima wa miaka makumi tano, siafu zinanipanda ku miguu, na siwezi hata kulia. Batoto bakacheza. Wa ine alikuwa anaogopa maji, kisha anaogopa ndege, kisha anaogopa kivuli yake mwenyewe. Iko na miaka ine, tano. Anaangalia kila kitu kama muntu mwenye anafika leo mu dunia. Bibi yako akatoa bikombe bine, akamimina chai.

Kisha ule mutoto akaanguka, kofia ikatoka.

Niliona kitu, Liévin. Ile kitu siwezi kuisema hapa, mu kinywa ya muntu mwingine. Uliza bibi yako, lakini uliza na adabu. Stanislas ananiuliza: «Uliona nini, mama Wivine? Ni vizuri barua ikamilike.» Nimemwambia: andika «niliona kitu», tia point, funga.

Yaya yako Wivine

Nota: Mimi mwandishi ninasikitika kwamba barua haikukamilika. Kama bwana Liévin anapenda, ninaweza kumuuliza mama Wivine tena kwa upole na kukujulisha mimi mwenyewe, bila malipo. Stanislas.


Kamina, 31 Oktobre 1953

Albertine,

Leo sitaki kusoma juu ya suruali ya André wala jino ya Chomba.

Ule mutoto ya kofia ni wa nani? Karavia ni uongo. Munaenda Naviundu, kwa mama yako, na mama yako anafuga mutoto mwenye anafichwa nyuma ya mihogo. Iko na miaka ine, tano. Miaka tano iliyopita miye nilikuwa miezi saba ku Tenke, ku kazi. Nimehesabu, na weye unajua kuhesabu. Yaya Wivine aliona kitu mu kichwa ya ule mutoto, na mwanamuke mwenye hajawahi kunyamaza alinyamaza. Kwa nini? Ni wa nani?

Nakupa mpaka tarehe kumi. Kama haunipe neno ya kweli, nitaomba ruhusa, nikuye kuchukua batoto yangu batatu, niwapeleke kwa baba yangu ku Bukama. Mutoto ni ya baba, unajua desturi yetu. Ule wa ine utabaki naye, weye na baba yake.

Liévin


Camp ya reli, 6 Novembre 1953

Baba Constance,

Nimeandika hii barua mara tatu, nikaipasua mara tatu. Hii ya ine naituma mbele nipate woga. Soma peke yako, kisha tia mu moto.

Haiko mutoto yangu. Naapa mbele ya Bikira Maria na mbele ya kaburi ya baba yangu. Ni ya mudogo yangu Mwaba. Unakumbuka kama Mwaba alikuwa anachunga batoto ya bazungu, mu ville ya bazungu, pale penye maua ya bougainvillier? Ule bwana alirudi Bulaya mbele ya mimba kuonekana. Hakuacha jina, hakuacha hata kofia. Mutoto akazaliwa kwa mama, ku Naviundu, mwekundu, nywele laini ya kahawia. Njo kitu yaya yako aliona.

Na weye unajua vile banafanyaka. Ba mulatre, batoto ya muzungu na mama mweusi, banakusanywa. Motoka inakuya, bwana moja anashuka na karatasi, anasema mutoto atasoma vizuri kwa mabasoeur, mbali, na mama haone tena hata kivuli yake. Rafiki ya Mwaba, bamukamatia mutoto yake wakati anakula. Sahani ilibaki na bukari nusu. Ule mama alikaa na ile sahani siku tatu, hakuiosha.

Basi mama akamuficha. Miaka ine, mu nyumba na nyuma ya nyumba. Mwaka huu nikaona anaanza kutembea kwa kuegemea ukuta kama muzee, anaziba macho akitoka mu jua. Aliniuliza: «Mama mukubwa, nyuma ya mihogo kuko nini?» Nikalia, Liévin. Nikasema, haiwezekani. Mwaba akitoka naye, kila muntu atamujua. Lakini miye niko na batoto batatu, na mu batoto bane, nani anaangaliaka wa ine? Ni kofia tu, na mafuta ya mawese na makala ku mikono na ku uso. Yaya yako njo alihesabu. Mu Élisabethville yote, ni paka yeye!

Sikukuambia sababu weye ni muntu ya sheria. Mwizi wa kuku ya jirani ulimupeleka weye mwenyewe kwa polisi, na kuku haikuwa yako. Na sababu ingine: kwenu mutoto ni ya baba, kama hana baba hana muntu. Kwetu mutoto ni ya mama, iko na bantu tele. Niliogopa utamuangalia na macho ya kwenu.

Sasa umejua. Batoto yako ni batatu, bote yako, pua yabo inaniaibisha kila siku sababu ni yako kabisa. Kama unataka kunihukumu, hukumu. Lakini usifungue kinywa.

Bibi yako,
Albertine


Kamina, 11 Novembre 1953

Kwa yaya Wivine, Cité Kenya,

Yaya, hii barua usome peke yako, kisha uchome.

Haya imenishika. Bibi yangu hana kosa. Ule mutoto ni ya mudogo yake Mwaba, alizaa na muzungu, ule wa nyumba ya bougainvillier, na muzungu alirudi Bulaya. Njo maana ya kofia, njo maana ya njia ya Naviundu. Anakaa kwa mama-mukwe, nyumba ya mwisho nyuma ya shamba ya mihogo, pembeni ya muto. Wakijua ku biro watamuchukua.

Nakuandikia ili roho yako itulie, usifwate tena Albertine, usiulize bantu. Najua weye, neno ikikuwasha unaikuna mpaka damu. Sasa umejua, basi iishie kwako. Usiambie hata Virginie. Siri ya bantu batatu iko sawa na maji mu kitunga, na siye sasa ni batano.

Mudogo yako mwenye haya,
Liévin


Cité Kenya, 17 Novembre 1953

Mudogo yangu Liévin,

Barua yako ilifika jana, Stanislas alinisomea vizuri sana, pole pole, hakuruka neno. Aksanti kwa kuniambia kweli. Roho yangu imetulia kama vile ulitaka.

Nilienda kusalimia mama-mukwe yako ku Naviundu. Anaogopa, ule muzee. Alisha kuhamisha ule mutoto ku nyumba ya bantu bengine, sijue wapi, haniambie. Lakini usijali, batoto bataendelea kutembea. Albertine alinipa ahadi. Siku ya Mungu yenye kuya, tarehe makumi mbili na mbili, atawapeleka ku Karavia, kweli ku Karavia sasa, pale chini ya miti penye bazungu wanafungaka mitumbu. Ule mutoto atakuwa na kofia yake ya sufu, ile ya buluu. Bataikala tangu Misa ya kwanza kwisha mpaka saa nane. Miye pia nitaenda, nimuone vizuri.

Nakuambia ili ufurahi.

Yaya yako Wivine

Nota: Mimi mwandishi ninafurahi pamoja na jamaa yote. Nimemwomba mama Wivine anithibitishie saa, ili barua iwe kamili: ni saa mbili na nusu asubuhi. Stanislas.


Kamina, 21 Novembre 1953, ku mukono ya Adalbert, machiniste ya train

Albertine,

Naandika mbio, samehe mwandiko. Yaya Wivine hasome! Miaka yote namuandikia, na kila barua inapita mu macho ya ule Stanislas, na miye nimemwambia «soma peke yako» kama mupumbavu! Nilimuandikia yote. Jina ya Mwaba, nyumba, muto, mihogo. Ni miye. Miye na haya yangu na salamu zangu kwa mwandiko yake nzuri.

Na leo napata barua yake: amemwambia Stanislas mpaka saa, mpaka rangi ya kofia! Karavia, kesho! Yaya yangu amepata wazimu? Usiende! Kama hii karatasi itafika kisha, basi Mungu anisamehe. Siwezi kutuma telegramme, ku posta nao bantu wanasoma.

Niambie nini imefanyika. Ule mutoto iko wapi?

Liévin


Camp ya reli, 1 Desembre 1953, ku mukono ya Adalbert

Baba Constance,

Adalbert alileta barua yako siku tatu nyuma ya mambo kwisha. Sasa nakuandikia yote, sababu Adalbert aliapa hii karatasi itakaa ndani ya soksi yake mpaka Kamina. Uivumilie harufu.

Siku ile ya kwanza, tarehe kumi na sita, niko naosha nguo, naona yaya Wivine anaingia camp mbio, kiatu moja mu mukono, kitambaa imeanguka ku shingo. Ule mwanamuke hakuniamkia hata siku moja bila kuniuliza kwa nini nimekonda. Siku ile hakusema hata jambo. Alisema: «Mulamu, kaka yako amewauza.» Anakuita kaka yangu wakati anakukasirikia.

Akaniambia. Stanislas alikuwa anasoma sauti ya Misa. Akafika pa «muzungu», akapunguza. Akafika pa «nyumba ya mwisho nyuma ya shamba ya mihogo», akasoma mara mbili, na hakuna muntu alimwambia arudilie. Kisha akakunja barua, akaitia mu mufuko ya shati, yake! «Barua ni yangu,» yaya akamwambia. Akajibu: «Samahani, nilisahau.» Yaya anasema: «Albertine, miaka makumi tatu nauza samaki. Muntu anaweza kunidanganya na kinywa, lakini mukono yake ikigusa samaki najua kama atanunua ao ataiba.» Miye nilikuwa namuchukia juu ya macho yake yenye kuingia mu kila sufuria. Siku ile nikashukuru Mungu kwa yale macho.

Tukaenda bote Naviundu jua ingali katikati. Mwaba aliposikia akaanguka chini. Yaya akamuinua: «Kilio baadaye. Leta kapu ya samaki, ile kubwa.» Mutoto akaingia mu kapu, juu yake majani, juu ya majani samaki ya kukauka. Yaya akaibeba ku kichwa mpaka Cité Kenya, anaimba njia yote ili mutoto asisikike akikohoa. Unajua vile anaimbaka. Bantu balikimbia bao wenyewe.

Na alimuweka wapi? Kwake! Na Mwaba pia! Siku sita, nyumba mbili kutoka meza ya Stanislas. «Mu Kenya nani anahesabu batoto?» akasema. Nikamwambia: «Weye.» Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kisha siku mbili motoka ilienda Naviundu, bazungu mbili na polisi moja. Bakapekua nyumba ya mama, bakaingia mpaka mu mihogo. Mama alibapa karanga.

Ile barua ya tarehe kumi na saba, yaya aliitengeneza ku kichwa kama vile muntu anatengeneza mutego ya panya. Alitaka bazungu bote na macho yabo bakuwe Karavia, upande ya jua kuzama, saa mbili na nusu. Sababu saa mbili na nusu, upande ya jua kutoka, kamio ya Mukuka, motoka yake ya mizigo, ilikuwa inarudi Kasenga tupu, na nafasi ya Mwaba na mutoto. Mukuka njo anamuletea yaya samaki, miaka kumi na moja. Haongeake mingi. Alisema paka: «Mutoto anatapikaka mu motoka?»

Na siye tukaenda Karavia. Kweli kweli. Constance, André, Chomba, na wa ine mwenye kofia ya sufu ya buluu, yaya Wivine nyuma yetu na kiti mu mukono. Nilitandika kitambaa chini ya miti. Nilimimina chai, macho ku njia, André anasema: «Mama, unamwaga.» Bakatokea watatu, bale bazungu mbili na polisi, na nyuma yabo, mbali kidogo, kravati ya Stanislas. Bwana akahesabu batoto. Akaniuliza: «Huyu ni wako?» Nikasema: «Ni ya jirani.» Akanyoosha mukono, akavuta kofia.

Mutoto alikuwa Mutale, ya fundi viatu wa Kenya. Kichwa yote mapunye, imepakwa dawa ya zambarau ya dispensaire, inanuka. Bwana alirudisha mukono yake haraka sana, akaipangusa ku suruali. Yaya akamwambia kwa heshima yote: «Bwana, inaambukizaka. Njo maana ya kofia.» Kisha akamuangalia Stanislas, akasema kwa sauti kubwa: «Ee, mwandishi! Umefwata barua mpaka huku? Kaa, ukunywe chai.» Hakukaa. Meza yake ku soko iko tupu tangu siku ile, bamama habamuendee tena, na karte ya mérite sijue kama atapata. Yaya anasema akipata, ataivaa juu ya kravati.

Siku ya posho iliyopita, mbele ya siku ya Mungu, Mukuka alirudi na samaki. Balivuka muto Luapula na mutumbu, Mwaba na mutoto, bakafika kwa ndugu za mama ku upande ya Baingereza. Kule hakuna karatasi yenye iko na jina yao. Mukuka alisema mutoto alitapika mara moja tu, kisha ku muto alisimama mbele, kichwa wazi, akauliza maji inaenda wapi. Mwaba hakupata nafasi ya kuniaga. Sijue kama nitaona mudogo yangu tena mu hii dunia.

Yaya anasema niandike maneno yake hapa, Constance aliyakamata ku karatasi: «Liévin, mudogo yangu, kutoka leo ukiwa na siri ya kuniambia, panda train. Na Constance ananifundisha herufi. Nimefika pa M. Nikifika mwisho, nitasoma barua zako zote za zamani, na ole wako.»

Baba Constance, siku ya Mungu iliyopita nilitoka tena na batoto batatu. Yaya alisema tuendelee, ili wenye kutuangalia bachoke. Ku muto, pa mawe makubwa, nikatoa bikombe, nikaona nimeleta bine. Chomba njo alijaza ile ya ine maji, akaiweka pa jiwe yenye mwenzake alikuwa anaikaliaka.

Sina hasira tena juu ya kutaka kunikamatia batoto. Kidogo tu iko, na Noël itaimaliza. Ukikuya tutatembea bote, siye batano, mpaka ku Naviundu, na weye utasimama mbali ku njia sababu ya mama-mukwe.

Lakini neno moja nakuambia leo. Uliniuliza mara nyingi ule mutoto ni wa nani. Mu barua zako zote, na mu ile ulimutumia yaya, na mu hii ya mwisho ya mbio, ni «ule mutoto, ule mutoto». Hata siku moja haukuuliza jina yake.

Anaitwa Kalaba.

Bibi yako,
Albertine